Jalada la Nyumba Isiyo na Kona

Nilitumwa Isevya na futi kamba, timazi, pima maji
na kopo la rangi nyekundu.
Barua ilisema: jengo lisilo na ramani,
mmiliki Kalunde Misambwa, mjane, miaka sitini na miwili,
halina pembe, halina mstari, linatisha majirani.

Nililiona tangu relini.
Kichuguu, nikadhani, kilichosahauliwa na tingatinga,
kisha kikafumbua macho:
vitako vya chupa za kijani, vimeshonana ukutani
kama mayai ya chura,
na jua la saa tatu likiogelea humo.

Mlango wake tunda la mninga:
duara, pindo jembamba kama chapati,
katikati miba ya kuchongwa.
Nikabisha pasipo na miba.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa kamba?
Ingia, ila inama. Nyumba hii husalimiwa."

Ndani nilikosa pa kuanzia.
Ukiweka futi hapa, ukuta unapinda na kwenda zake.
Bega la ukuta likawa benchi, benchi likawa jiko,
jiko likapanda, likawa shingo ndefu yenye matundu,
na hewa ya baridi ikanipita miguuni kuelekea juu,
bila haraka, kama mtu anayejua njia ya kwao.
Nje, Oktoba ilikuwa ikikaanga mabati ya watu.

Nani alikuchorea? nikauliza.
Akacheka hadi akashika kiuno.
Miaka kumi na tisa alifagia ofisi ya michoro, kule stesheni,
akazoa karatasi zilizokosewa, akazisoma usiku kwa koroboi,
na zote, alisema, zilimwambia neno moja:
sanduku, sanduku, sanduku.
Hadi mvua moja ilipokata kichuguu nyuma ya choo chake
katikati, kama mkate,
akachuchumaa hapo tangu alfajiri mpaka watoto wanatoka shule.
"Vyumba, mwanangu! Ghala, korido, bomba la hewa!
Na fundi wake hana macho."

Alinionyesha lipu: udongo wa kichuguu, samadi,
maji ya mlenda yaliyolala siku tatu.
Nikapitisha kidole, kikateleza kama kwenye shavu la ndama.
Rafu zake mizinga ya magome iliyostaafu;
mmoja nyuki wameurudia, akawaachia chumba kizima.
"Hao wapangaji. Wanalipa kwa wakati."

Niliweka pima maji juu ya kizingiti.
Kipovu kikahangaika, kushoto, kulia,
kisha kikajikunja mwishoni kabisa
kama mtoto aliyeiba shuka.

Lakini mshahara ni mshahara.
Nikatoka, nikapiga X kubwa kando ya mlango,
rangi ikachuruzika.
Naye akaniletea matobolwa kwenye ungo mdogo:
"Kula. Mkono unaotetemeka una njaa."
Nikala. Nikampa siku thelathini.

Siku ya thelathini na moja nilirudi na greda.
X haikuwepo.
Au ilikuwepo, sijui niseme vipi:
mabawa manne mekundu, ameyatia mishipa kwa ncha ya msumari,
kiwiliwili kirefu cha mkaa,
macho mawili ya vizibo vya soda.
Kereng'ende, kama wale wa bwawa la Igombe,
ametua ukutani, anapumzika, ataruka muda wowote.
Dereva akazima injini.
"Bosi, tunabomoa ipi?"

Nikaandika jaladani: *Alama haikuonekana.*
Mkurugenzi hajauliza. Huenda atauliza.

Usiku ule, chumbani kwangu, futi kumi kwa kumi,
nilitoa pima maji nikailaza mezani.
Kipovu kikasimama katikati, wima, mtiifu,
kikinitazama.
Nikainua upande mmoja kwa kidole.